Chai ya Zambarau na Vijiko Vitatu vya Sukari

Ukitoka mji wa Kangari, Murang'a, ukapanda kuelekea msitu wa Aberdare, chai imeshika ardhi yote kando ya barabara, kijani juu ya kijani, imekatwa usawa wa kiuno. Hapa na pale katikati ya kijani hicho kuna kipande kidogo chenye machipukizi ya rangi ya damu ya mzee. Hiyo ndiyo chai ya zambarau, aina ya TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya kule Kericho, baada ya takriban miaka 25 ya kuichagua na kuipima. Inavumilia ukame na baridi kali kuliko aina nyingi, nayo inapenda miinuko kama hii ya Murang'a, Nyeri na Kirinyaga. Lakini uvumilivu sio ulioipa umaarufu. Tangu siku ya kwanza ilitangazwa kama dawa. Ukisoma maandishi ya vikopo vyake, au ukimsikiliza muuza miche, utaambiwa kwamba inapunguza uzito, inashusha presha, inazuia saratani na, siku hizi zaidi ya yote, inalinda ubongo.

Madai mengine nawaachia wengine. Hili la ubongo nalichukua kwa sababu, tofauti na mengi yanayoandikwa kwenye vikopo, lina utafiti halisi nyuma yake, tena utafiti wa Wakenya juu ya jani la Kenya. Mwaka 2014 Khalid Rashid, Francis Wachira na wenzao walichapisha katika jarida la Nutritional Neuroscience matokeo ya jaribio la panya. Walitoa kwenye chai ya zambarau rangi zake, ziitwazo anthosianini, wakazisafisha, wakawanywesha panya kwa siku 15. Ni rangi za jamii ileile inayoyapa weusi matunda ya mzambarau na kabichi nyekundu rangi yake. Siku moja baada ya dozi ya mwisho waliuchunguza ubongo wa panya hao, wakakuta ndani yake mabaki ya anthosianini. Wakakuta pia kwamba glutathioni, kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza ili kujikinga na uharibifu wa oksijeni, imeongezeka.

Mtu asiye wa fani anaweza kuliona jambo hilo kuwa dogo. Si dogo. Ubongo umejaa mishipa ya damu ambayo kuta zake zimeshonana kuliko karibu kila mahali pengine mwilini, na dawa nyingi nzuri zimeshindwa hapo mlangoni. Kuonyesha kwamba kitu kutoka kwenye chai ya Kenya kimepenya ni kazi ya heshima. Na sababu ya kazi hiyo haikuwa kuuza chai. Kundi hilohilo lilikuwa linashughulika na malale. Ugonjwa huo ukishaingia kwenye ubongo, dawa ya zamani iliyotumika, melarsoprol, ina aseniki ndani yake, na kati ya wagonjwa 100 waliopewa, 5 hadi 10 walipatwa na uvimbe mkali wa ubongo kutokana na tiba yenyewe. Takriban nusu ya hao walikufa. Watafiti walitaka kujua kama anthosianini za chai zingepunguza madhara hayo, na katika panya walioambukizwa zilisaidia. Huo ni utafiti unaojua unatafuta nini.

Tatizo linaanza pale matokeo yanaposafiri kutoka maabara hadi kwenye kikopo. Panya walipewa miligramu 200 za anthosianini safi kwa kila kilo ya uzito wao, kila siku. Wafamasia wanapokadiria kipimo cha binadamu kutokana na cha panya, hugawanya kwa 12 hivi. Kwa mtu wa kilo 60 tunapata takriban gramu moja ya anthosianini safi kwa siku. Kikombe cha chai hutumia kama gramu mbili za majani makavu. Tuseme, kwa ukarimu, kwamba asilimia moja ya uzito huo ni anthosianini na kwamba yote inatoka na kuingia kwenye maji. Mnywaji wetu atahitaji vikombe 50 kwa siku. Hata yule mzee wa kioski asiyeonekana bila kikombe mkononi hafiki huko.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo wauzaji hawalitaji, nami naliona ndilo la maana kuliko yote. Kundi moja la panya lilipewa anthosianini pamoja na kimeng'enya-saidizi Q10, ambacho nacho ni antioksidanti maarufu inayouzwa kwa bei ghali madukani. Ukifuata hesabu ya kawaida, antioksidanti mbili zingepaswa kushinda moja. Ilikuwa kinyume: faida ilipungua. Waandishi waliripoti hilo waziwazi, kama inavyopasa, wakalitaja kuwa mwingiliano hasi. Ili kuelewa kwa nini lina uzito, lazima turudi nyuma kidogo, hadi kwenye nadharia iliyolileta neno antioksidanti sokoni.

Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alipendekeza kwamba uzee unatokana na radikali huru: vipande vya molekuli vyenye ukali, vinavyozaliwa kila seli inapotumia oksijeni, ambavyo huumiza kila kitu vinachokigusa. Nadharia hii ilipendeza kwa ubongo hasa. Ubongo ni kama asilimia mbili tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili. Una mafuta mengi yanayooksidika kwa urahisi, na seli zake za neva kwa kiasi kikubwa hazina mbadala zikifa. Katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, alama za uharibifu wa oksijeni zinaonekana wazi. Mimea nayo imejaa vitu vinavyozima radikali huru. Mtu wa Kangari hahitaji maabara kuliona hilo. Jani la chai likishapondwa kiwandani na kuachwa lipate hewa, linageuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba, na badiliko hilo ni polifenoli za jani zikioksidika. Hitimisho likaonekana dhahiri: kula au kunywa vizimaji hivyo kwa wingi, vitafika ubongoni, vitazima moto.

Hitimisho hilo limejaribiwa kwa binadamu, kwa gharama kubwa na kwa miaka mingi, na limefanya vibaya. Finland, mwaka 1994, wavuta sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao wasiopewa, kwa asilimia 18. Marekani, jaribio la vitamini E na seleniamu lilionyesha mwaka 2011 kwamba wanaume waliopewa vitamini E walipata saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17. Wanaume zaidi ya 7,500 wa jaribio hilohilo walifuatiliwa kuhusu ubongo, na matokeo ya mwaka 2017 yalikuwa kwamba si vitamini E wala seleniamu iliyozuia shida ya akili ya uzeeni. Katika wale ambao tayari wana Alzheimer, vitamini E kwa dozi kubwa imeonekana kupunguza kidogo kasi ya kupoteza uwezo wa kujifanyia kazi za kila siku, hilo nalikubali. Kuzuia ugonjwa ni suala tofauti, na huko haijafua dafu. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake mashuhuri iliyopanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti kama ilivyopimwa kwenye chupa ya maabara, ikisema namba hizo hazituambii kinachotokea mwilini na zinatumiwa vibaya na wafanyabiashara. Bado namba za aina hiyo zinapamba matangazo ya chai ya zambarau.

Je, basi mimea haina faida kwa ubongo? Ina. Kosa liko kwenye maelezo ya jinsi inavyofanya kazi.

Anthosianini unayokunywa haifiki kwenye damu ikiwa nzima, isipokuwa sehemu ndogo sana. Nyingi yake inashuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria wanaivunja kuwa asidi ndogondogo, na hizo ndizo zinazozunguka mwilini, kwa kiwango kidogo kuliko cha kinga tulizo nazo wenyewe. Kwa wingi huo haziwezi kuzima moto wa maana. Zinachoweza kufanya ni kuuamsha mwili. Seli zetu zina protini iitwayo Nrf2, ambayo seli ikihisi kitu chenye uchokozi kidogo huingia kwenye kiini cha seli na kuamuru jeni kadhaa zitengeneze kinga, glutathioni ikiwemo. Polifenoli nyingi ni silaha za mimea dhidi ya wadudu na jua kali, na seli zetu zinazichukulia kama wachokozi wadogo.

Sasa wasome tena panya wa mwaka 2014. Glutathioni iliyoongezeka kwenye ubongo wao haikutoka kwenye chai. Ubongo wenyewe uliitengeneza. Na walipoongezewa Q10, faida ilipungua. Tafsiri ifuatayo ni yangu, waandishi hawakuisema: kama faida inatokana na uchokozi mdogo unaoamsha kinga, basi kuongeza kizimaji kingine ni kumtuliza mchokozi kabla hajamwamsha mwenye nyumba. Utafiti unaotumiwa kuuza chai kama kizimaji huenda unaonyesha kwamba kuzima sio kazi yake.

Njia ya pili ni mishipa ya damu. Flavonoidi za chai na kakao husaidia kuta za mishipa kutoa nitriki oksaidi, mishipa ikalegea na kupanuka. Ubongo unaishi kwa mtiririko wa damu, na sehemu kubwa ya kusahau kwa wazee inatokana na mishipa midogo iliyoharibika kimyakimya. Mimi nikilazimishwa kuweka dau, nitaliweka hapa kuliko kwenye radikali huru.

Ushahidi wa watu unaonekana kuafikiana na hilo, ingawa umechanganyika. Ohsaki, Japani, wazee zaidi ya 13,000 walifuatiliwa kwa karibu miaka sita. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi vya chai ya kijani kwa siku walipata shida ya akili kwa asilimia 27 chini ya waliokunywa chini ya kikombe kimoja. Chicago, mwaka 2018, Martha Clare Morris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rush waliripoti kuhusu wazee 960: waliokula mboga za majani karibu kila siku, kumbukumbu yao ilichoka polepole kiasi kwamba walilingana na watu wadogo kwao kwa miaka 11. Namba kubwa, lakini zinatokana na kutazama tu. Mzee anayeanza kusahau huacha pia kupika mboga na huacha kujichemshia chai, hivyo ugonjwa unaweza kutangulia mlo badala ya kuufuata. Ndiyo maana jaribio lililopangwa la mlo wenye mboga hizo, uliobuniwa na watafiti wa Chicago, lilisubiriwa kwa hamu. Lilichapishwa mwaka 2023: watu 604, miaka mitatu. Waliofuata mlo huo na wale wa kundi la kulinganisha wote waliboreka kidogo, na tofauti kati yao haikuwa ya kutegemewa.

Mwaka huohuo lilitoka jaribio jingine, la watu zaidi ya 3,500 waliopewa ama miligramu 500 za flavanoli, aina ya flavonoidi, za kakao kwa siku ama kidonge kitupu. Kwa jumla yao, faida kwenye kumbukumbu ilikuwa hafifu. Walipotenganishwa, ilionekana kwa wale ambao mlo wao wa kawaida ulikuwa na flavanoli kidogo au ulikuwa duni kwa ujumla. Waliokuwa na za kutosha hawakuongezewa kitu. Flavanoli kwa watu wengi duniani zinatoka wapi hasa? Kwenye chai. Mtu wa Kangari anayeanza siku na chai, akachuma chai hadi mchana, akarudi kwa chai, hana upungufu wa flavanoli. Hata chai nyeusi ya kawaida, ambayo nyingi ya flavanoli zake, ziitwazo katekini, zimegeuka kuwa theaflavini kiwandani, bado inabaki na sehemu yake. Kumshawishi mkazi wa mlimani anunue kikopo cha bei ghali ili aongeze alicho nacho tayari ni biashara nzuri na sayansi mbovu. Kama chai ya zambarau itamfaa mtu ubongoni, huenda ni mtu wa Houston, Marekani, anayeishi kwa soda.

Kuna imani nyingine nimeikuta sana katika miji hii ya kuzunguka Mlima Kenya: kwamba wazee wetu hawakuwa wakisahau, na chakula chao ndicho kilichowakinga. Hapa tuna bahati ya kuwa na utafiti wa nyumbani. Mwaka 1996 jarida la Brain Pathology lilichapisha uchunguzi wa ubongo wa wazee wa Afrika Mashariki waliofariki bila kuwa na shida ya akili, Julius Ogeng'o akiwa mwandishi wa kwanza. Zile amana za protini ya amiloidi zinazohusishwa na Alzheimer zilikuwemo, kama zilivyo kwa wazee kwingineko. Mwaka 2010 kundi lililojumuisha Raj Kalaria wa Newcastle lilichapisha matokeo ya kuwapima wazee wa Kikuyu kule Nyeri, kwa maswali yaliyoandaliwa ili yaeleweke hata na asiyekwenda shule. Jeni ya APOE4, ambayo kwa Wazungu huongeza sana hatari ya Alzheimer, ilikuwa ya kawaida kwa wazee hao, lakini haikuonekana kwenda sambamba na kusahau. Ibadan, Nigeria, waliona kitu cha aina hiyo, na matokeo yao ya mwaka 2001 yalikuwa kwamba visa vipya vya shida ya akili kwa Wayoruba vilikuwa asilimia 1.35 kwa mwaka, dhidi ya 3.24 kwa Wamarekani weusi wa Indianapolis.

Kwa hiyo kuna jambo lililokuwa likiwasaidia wazee hao. Mshawishiwa wa haraka atasema ni mboga. Inawezekana zimo. Lakini wazee wa kizazi kile walikuwa pia wembamba, walitembea milima kwa miguu hadi uzeeni, hawakula sukari nyingi na wengi hawakuwa na presha. Tume ya jarida la Lancet ilipoorodhesha mwaka 2024 mambo 14 ambayo yakirekebishwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya shida ya akili duniani, orodha ilikuwa na presha, kisukari, lehemu mbaya, unene, sigara, pombe, kutosikia vizuri, elimu duni, hewa chafu na mengine. Antioksidanti hazimo kwenye orodha hiyo. Hapa kwetu, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya Wakenya watu wazima wana presha, na zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa hata mara moja. Shosho mwenye presha aliyeketi miaka hamsini kando ya mafiga, kwenye jiko lisilo na dirisha, ana hatari mbili za orodha hiyo, moshi na presha, na hakuna jani la rangi yoyote litakalozifuta.

Turudi basi kwenye kikombe, maana ndani yake kuna mengi kuliko chai. Chai ya nyumbani huku inachemshwa pamoja na maziwa, na sukari ni vijiko vitatu kwa mgeni wa kawaida. Ukimpa viwili ataona umembania. Kijiko kimoja kilichojaa kiasi ni gramu nne. Vikombe vinne kwa siku ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Mtu huyu amekaribia kumaliza kiwango chake kwenye chai peke yake, kabla ya mandazi na soda ya Jumapili. Akibadilisha jani la kijani kwa la zambarau akaacha vijiko vilevile, amebadilisha kitu chenye faida isiyo na uhakika na kuacha chenye hasara iliyothibitishwa.

Kuhusu maziwa sina ugomvi mkubwa. Mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya Charité, Berlin, walipima mishipa ya wanawake 16: chai nyeusi tupu iliipanua, ikitiwa maziwa faida ikatoweka, kwa sababu protini za maziwa hushikana na katekini. Lakini watu 16 ni wachache, na tafiti nyingine zimekuta katekini zinaingia kwenye damu hata kukiwa na maziwa. Kwa mtoto na kwa mzee asiyepata nyama, protini na kalisi ya maziwa hayo ni muhimu kuliko mjadala wa Berlin. Anayenunua chai ya zambarau kwa bei yake aiache tu bila maziwa, hata kwa sababu ya rangi.

Ninalolihofia zaidi ni la strungi, chai isiyo na maziwa, na watoto, na sijaliona likiandikwa kwenye kikopo chochote. Polifenoli hizihizi tunazozisifu hushika madini ya chuma yanayotoka kwenye mimea na kuyazuia yasifyonzwe. Richard Hurrell na wenzake walipima mwaka 1999: chai nyeusi iliyonywewa pamoja na mlo wa mkate ilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 79 hadi 94. Mtoto wa miaka miwili anayekula githeri na kuteremshia strungi anapoteza sehemu kubwa ya chuma cha maharagwe yale. Na chuma ndicho ubongo wa mtoto unachohitaji kujenga mawasiliano ya neva. Upungufu wake wa utotoni huacha athari za kujifunza ambazo kuongeza chuma baadaye hakuzifuti zote. Ukiniuliza ni ubongo upi wa Kangari ulio hatarini kwa sababu ya chai leo, nitakuelekeza kwa mtoto huyo kabla ya guka, yaani babu yake. Dawa yake haina gharama: chai ikae mbali na mlo kwa saa moja, mtoto mdogo asipewe kabisa, na kwenye githeri au mukimo kuwe na kitu chenye vitamini C, hata kipande cha chungwa au nyanya mbichi. Wahudumu wa afya wa kijamii wanapita nyumba hizo kupima watoto. Neno hilo moja lingeingia kwenye mazungumzo yao bila bajeti.

Tena, rangi za jamii ya anthosianini hazikuja mlimani na TRFK 306. Ganda jeusi la maharagwe ya njahi linazo, na njahi hupewa mama aliyejifungua tangu kabla ya chai kufika nchi hii. Terere, managu, kahurura na thabai, vinavyopondwa ndani ya mukimo, vina folati, vitamini K na luteini, vile vitu ambavyo uchunguzi wa Chicago ulivihusisha na kumbukumbu. Sokoni kifungu cha terere ni bei ya majani machache tu ya chai ya kikopo. Mapishi ndiyo yanayoharibu: mboga inachemshwa hadi iishe nguvu, maji ya kijani yanamwagwa, kisha inakaangwa kwa mafuta mengi na chumvi. Managu ni chungu, nakubali, na maziwa lala huondoa uchungu kuliko kumwaga maji mara tatu.

Nikisema haya wakulima hunikasirikia, na nawaelewa. Waliahidiwa kwamba jani la zambarau lingelipwa mara tatu au nne ya jani la kawaida. Wengi walipanda, wakangoja, kisha wakakuta viwanda vingi havina mtambo wa kulisindika peke yake, hivyo likapimwa kwenye mzani uleule na kulipwa bei ileile, likachanganywa na la kijani. Kangaita, Kirinyaga, ni miongoni mwa viwanda vichache vilivyolisindika kando. Wapo waliolichoka wakang'oa. Kwa mkulima huyo, dai la ubongo ni tumaini la mwisho la kupata bei, na anayelitilia shaka anaonekana anampokonya.

Mimi naona dai hilo ndilo linalomchelewesha. Umoja wa Ulaya, tangu sheria yake ya mwaka 2006, haukubali maandishi ya afya kwenye chakula bila ushahidi wa binadamu uliopitishwa na mamlaka yake, na maombi mengi ya antioksidanti yamekataliwa. Polifenoli za mafuta ya zeituni zilipita mwaka 2012, kwa sharti la kiasi maalumu na kwa maneno yaliyopimwa sana, kuhusu kulinda mafuta ya damu tu. Hazikugusa ubongo. Mnunuzi mkubwa wa Hamburg hawezi kuchapisha kwenye pakiti yake kile kinachoandikwa kwenye vikopo vyetu, kwa hiyo hawezi kukilipia. Anachoweza kulipia ni rangi inayobadilika kuwa ya waridi ukikamua limau, kafeini iliyo chini, ladha, jina la mlima na jina la kiwanda. Hayo yote ni kweli, na yanahitaji mashine ndogo na mikono makini kuliko yanavyohitaji daktari.

Kama kuna mwenye fedha anayetaka kuutafuta ukweli kuhusu ubongo, jaribio lenyewe si gumu kulipanga. Wazee wenye presha wa Kangari, Othaya na Karatina, nusu wapewe chai ya zambarau, nusu chai nyeusi ya kawaida, zote bila sukari na mbali na mlo, kwa miaka miwili. Wapimwe presha kila mwezi na kumbukumbu kila miezi sita, kwa maswali kama yale yaliyokwisha kutumika Nyeri. Majani yapo, zahanati zipo, na watafiti wanaojua kazi wapo Chuo Kikuu cha Egerton na Kericho. Kikwazo nakiona kimoja tu, nacho ni kupata wazee mia mbili wa mlimani watakaoweka sahihi kwamba watakunywa chai isiyo na sukari hadi mwaka kesho kutwa.